Nani Aliandika Majina Haya? Jinsi Washindi wa Tuzo ya Utafiti wa Afya Wanavyochaguliwa



Kila mara orodha ya majina inaposomwa mbele ya watu, swali moja huzaliwa moyoni, hata kama hakuna anayelisema kwa sauti: nani aliandika majina haya? Wenye majina yao wanafurahi na kusogea mbele. Wasiosikia majina yao wanatazamana. Mmoja anasema kabila fulani limependelewa. Mwingine anasema wenyeji wamejiandika na kuwasahau wakimbizi wa ndani. Mwingine anasema wakimbizi wa ndani wamepewa kila kitu na familia zilizowapokea hazikupewa hata sabuni. Vita vilikwisha kutuondoa katika vijiji vyetu, na sasa karatasi moja inaweza kutugombanisha mahali tulipokimbilia.

Katika toleo hili tunataka kueleza orodha ya namna nyingine kabisa. Ni orodha ya wale wanaopewa tuzo kubwa kwa sababu ya utafiti wa afya. Mtu anaweza kuuliza: tuzo ya watu wasomi inatuhusu nini sisi tunaolala chini ya mahema? Inatuhusu kwa sababu mbili. Ya kwanza, mtu wa nchi yetu alipata tuzo kama hiyo mwaka 2019, na kazi yake inagusa maisha ya kila familia ya Kongo. Ya pili, njia inayofuatwa kuchagua jina moja kati ya mengi bila kuleta ugomvi inaweza kutufundisha jambo hapa kwetu.

Tuzo ya Noguchi ni nini?

Hideyo Noguchi alikuwa mtafiti wa Japani aliyezaliwa mwaka 1876. Alipokuwa mtoto mdogo mkono wake uliungua vibaya motoni, lakini alisoma mpaka akawa mtafiti wa vijidudu vinavyoleta magonjwa. Mwishoni mwa maisha yake alikwenda Afrika ya Magharibi kutafuta chanzo cha homa ya manjano. Homa hiyo hiyo ikamshika, naye akafa mjini Accra, katika nchi ambayo leo inaitwa Ghana, mwezi wa tano mwaka 1928.

Mwaka 2006 serikali ya Japani iliamua kuanzisha tuzo yenye jina lake kwa ajili ya wale wanaopambana na magonjwa katika Afrika. Tuzo ina matawi mawili. Tawi la kwanza ni la utafiti wa tiba, yaani wale wanaotafuta chanzo cha ugonjwa, dawa, chanjo au njia ya kupima. Tawi la pili ni la huduma za afya, yaani wale wanaopeleka matunzo kwa wagonjwa na kwa jamii. Kila tawi hupewa cheti, medali na fedha yeni milioni 100. Tuzo hutolewa wakati wa mkutano mkubwa wa Japani na nchi za Afrika, unaoitwa TICAD. Mpaka leo imetolewa mara tano: 2008, 2013, 2019, 2022 na 2025.

Majirani zetu wa Afrika ya Mashariki wamo kati ya washindi. Mwaka 2008 tawi la huduma lilimpa tuzo Miriam Were wa Kenya, daktari aliyetumia miaka mingi kuonyesha kwamba afya huanza kijijini, kwa watu wa kijiji wenyewe waliofundishwa. Mwaka 2013 ilipewa Alex Coutinho wa Uganda, kwa kazi yake juu ya ukimwi. Mwaka 2019 ikapewa Francis Omaswa, pia wa Uganda. Na mwaka huo huo wa 2019, tawi la utafiti lilimpa tuzo Mkongomani: Profesa Jean-Jacques Muyembe Tamfum.

Jina linafikaje mezani?

Hapa ndipo watu wengi wanakosea. Wanafikiri mshindi huandika barua kuomba tuzo, au kwamba mkubwa mmoja hukaa ofisini na kuchagua rafiki yake. Sivyo. Njia ina hatua kadhaa, na kila hatua ina watu wake.

Hatua ya kwanza ni kupendekeza. Wenye tuzo hutuma mwaliko kwa vyuo vikuu, nyumba za utafiti, mashirika ya afya na wataalamu wa nchi mbalimbali. Wanaambiwa: leteni jina la mtu au la kikundi mnachoona kinastahili. Anayependekeza hatoi jina tupu. Anaandika dosiye: huyu amefanya nini, wapi, mwaka gani, nani wanaweza kushuhudia, na kazi yake imebadilisha nini katika maisha ya watu.

Hatua ya pili ni kuchuja. Kila tawi lina komite ndogo ya watu wanaoijua kazi hiyo. Wanasoma dosiye zote, wanalinganisha, wanatafuta ushahidi, na wanabakiza majina machache.

Hatua ya tatu ni komite kuu. Hiyo hutazama majina machache yaliyobaki na kutoa maoni yake ya mwisho.

Hatua ya nne ni kuamua na kutangaza. Kwa tuzo ya Noguchi, Waziri wa Kwanza wa Japani ndiye anayeamua baada ya kupokea maoni ya komite. Kisha jina hutangazwa wazi pamoja na sababu zake. Sababu ni sehemu muhimu sana. Dunia haiambiwi tu kwamba fulani ameshinda. Inaambiwa ameshinda kwa kazi ipi.

Angalieni vizuri mpango huu. Anayeleta jina siye anayechuja. Anayechuja siye anayeamua peke yake. Hakuna mkono mmoja unaoshika kalamu tangu mwanzo mpaka mwisho.

Tuzo ya Nobel inafundisha nini?

Wengi wetu tunalijua jina la Nobel kwa sababu ya Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, Bukavu, aliyepata tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018 pamoja na Nadia Murad wa Iraki. Tuzo za Nobel zina tawi la tiba pia, na sheria zake zinajulikana vizuri.

Katika tawi la tiba, mtu hapendekezi mpaka awe na haki ya kupendekeza. Mialiko hutumwa kwa wataalamu kila mwaka, na dosiye lazima zifike si baada ya tarehe 31 ya mwezi wa kwanza. Mtu anayejipendekeza mwenyewe hahesabiwi. Baada ya miezi ya kuchunguza, maprofesa 50 wa chuo cha Karolinska katika nchi ya Uswidi hupiga kura, na jina hutangazwa mwezi wa kumi. Tuzo moja haigawanywi kwa watu zaidi ya watatu. Haitolewi kwa mtu aliyekwisha kufa. Na majina ya waliopendekezwa, pamoja na majina ya waliowapendekeza, hufungwa kwa siri kwa miaka 50.

Kwa nini siri hiyo? Kwa sababu mtu aliyependekezwa na kukosa asiaibishwe, na kwa sababu wanaochagua wasisukumwe na maneno ya barabarani. Lakini anayependekeza anaweza kujitangaza mwenyewe. Kwa mfano, shirika la Waquaker wa Marekani liitwalo AFSC lilipata Nobel ya amani mwaka 1947, na kwa sababu hiyo lina haki ya kupendekeza. Mwaka 2022 lilitangaza wazi kwamba limempendekeza Miriam Were wa Kenya, yule yule wa tuzo ya Noguchi, kwa Nobel ya amani. Walisema hivyo kwa kuwa waliona kazi ya afya kijijini ni kazi ya amani pia.

Tena, hukumu ya Nobel haina rufaa. Ikitangazwa, imetangazwa. Ndiyo sababu kazi ya kuchunguza hufanywa kwa miezi mingi kabla ya kutangaza, si baada ya kutangaza.

Jina lililochelewa miaka 43

Sasa tusikie habari ya Profesa Muyembe, kwa maana ndani yake kuna uchungu na kuna mafundisho.

Mwaka 1976, wakati nchi yetu ilipoitwa Zaire, ugonjwa usiojulikana uliua watu Yambuku, upande wa Bumba, katika jimbo la Equateur. Wakubwa wa Kinshasa walimtuma Muyembe, aliyekuwa profesa kijana wa mambo ya vijidudu. Alikuta hospitali ya misheni karibu tupu, kwa kuwa watu walikuwa wamekimbia. Alitoa wagonjwa damu bila glavu, kwa sababu hazikuwepo, na damu haikukoma kutoka pale sindano ilipoingia. Alinawa mikono kwa sabuni na maji. Mungu alimlinda.

Aliporudi Kinshasa alimleta mtawa mmoja Mbelgiji aliyekuwa mgonjwa, ili atunzwe. Mtawa huyo akafa. Damu yake ilipelekwa Ubelgiji, kwenye taasisi ya magonjwa ya nchi za joto mjini Antwerp. Huko alikuwako kijana mtafiti mwenye umri wa miaka 27, jina lake Peter Piot, pamoja na wenzake. Baadaye maabara ya Marekani ilithibitisha kwamba ni kirusi kipya, nacho kikapewa jina la mto Ebola. Katika ugonjwa ule wa Yambuku watu 318 waliugua na 280 walikufa.

Kwa miaka mingi, vitabu na magazeti ya dunia yaliposimulia nani alivumbua Ebola, yalitaja maabara za Ulaya na Marekani. Mkongomani aliyeingia wa kwanza kati ya watafiti na kutoa damu ile kwa mikono mitupu hakutajwa, au alitajwa kwa mstari mmoja.

Mwaka 2013 tuzo ya Noguchi ya utafiti ilipewa Peter Piot. Hatusemi kwamba hakustahili. Alifanya kazi kubwa juu ya Ebola na juu ya ukimwi, na aliongoza shirika la Umoja wa Mataifa la ukimwi tangu lilipoanza. Lakini miaka sita baadaye, mwaka 2019, tuzo ile ile, tawi lile lile, ilipewa Muyembe. Kutoka Yambuku mpaka siku hiyo ilikuwa miaka 43.

Ni nini kiliwezesha jina lake kufika? Siyo huruma, wala siyo zamu ya Afrika. Ni kazi iliyoandikwa na kushuhudiwa. Tuone vitu vilivyoweza kuwekwa katika dosiye yake.

Mwaka 1995 Ebola ilitokea Kikwit. Watu zaidi ya 300 waliugua, na wengi wao wakafa. Muyembe na wenzake walichukua damu ya watu waliopona na kuwapa wagonjwa wanane. Saba walipona. Wataalamu wengi wa nje hawakukubali mara moja kwamba damu hiyo ndiyo iliyosaidia, kwa kuwa wagonjwa wanane ni wachache. Hawakukosea kuuliza. Utafiti ndivyo unavyokwenda: jambo zuri linaombwa ushahidi mara ya pili na ya tatu.

Ushahidi ulikuja. Kutoka katika damu ya mtu mmoja aliyepona Ebola ya Kikwit, watafiti wa Kongo, Marekani na nchi nyingine walitengeneza dawa iliyoitwa mAb114. Ebola ilipokuja Kivu ya Kaskazini na Ituri mwaka 2018, dawa hiyo ilijaribiwa pamoja na nyingine tatu katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, katikati ya vita. Wagonjwa 681 walikubali kuingia katika utafiti, wao au familia zao. Mwezi wa nane mwaka 2019 matokeo yalionekana wazi. Kwa dawa mbili bora, mAb114 ikiwa mojawapo, karibu mgonjwa mmoja kati ya watatu alikufa. Kwa dawa nyingine mbili, karibu nusu walikufa. Na waliofika mapema, kabla kirusi hakijaongezeka mwilini, wengi zaidi walipona.

Mwezi huo huo wa nane, Muyembe alipokea tuzo mjini Yokohama, Japani.

Nani anabaki nyuma ya jina la mshindi?

Lazima tuseme jambo la kweli hapa. Tuzo hutaja jina moja au mawili, lakini utafiti wa afya haufanywi na mtu mmoja. Yule aliyepona Kikwit na kukubali kutoa damu yake hakusimama jukwaani Yokohama. Wauguzi wa Beni na Katwa waliofanya kazi huku wakitishwa hawakusimama jukwaani. Wala familia 681 zilizokubali.

Hata sisi wa Maniema ya kusini tunalijua jambo hilo. Kuanzia miaka ya 1970, madaktari wa Zaire na wa taasisi ile ile ya Antwerp walifanya kazi iliyoitwa Mradi wa Kasongo. Walitafuta kujua namna vituo vidogo vya afya na hospitali vinavyoweza kufanya kazi pamoja, ili mtu wa kijijini apate matunzo karibu na kwake. Mambo waliyojifunza Kasongo yalisaidia kuonyesha njia ya zone za afya, ambazo nchi nzima iligawanywa kwazo katika miaka ya 1980. Leo mgonjwa anapopita kituo cha afya kwanza na kisha kutumwa hospitali kuu, anapita njia ambayo Kasongo ilichangia kuitengeneza.

Mwaka 1981 mradi huo ulichapisha katika jarida la Uingereza, The Lancet, utafiti juu ya chanjo ya surua na maisha ya watoto wa Kasongo. Watoto waliochanjwa walikufa wachache kuliko wasiochanjwa. Hata hivyo watafiti hao waliuliza kama faida hiyo ingedumu mtoto anapokua. Wengine duniani waliwajibu, mabishano yakawa marefu, na utafiti mwingi uliofuata ukathibitisha kwamba chanjo ya surua inaokoa watoto kwelikweli. Jina la Kasongo bado linatajwa na wasomi wa afya kwa sababu ya maswali hayo.

Na utafiti ule ulisainiwa na nani? Haukusainiwa kwa jina la daktari mmoja. Ulisainiwa hivi: Timu ya Mradi wa Kasongo. Walichagua kutaja kazi ya wote.

Tuzo nazo zimeanza kuelewa jambo hili. Mwaka 2022 tuzo ya Noguchi ya utafiti ilipewa watu wawili pamoja, mume na mke, Salim na Quarraisha Abdool Karim wa Afrika ya Kusini. Tawi la huduma halikupewa mtu, lilipewa mpango wa kuondoa mnyoo wa Guinea. Mwaka 2025, wakati tawi la utafiti lilimpa Abdoulaye Djimdé wa Mali kwa kazi yake juu ya malaria, tawi la huduma lilipewa shirika la DNDi, linalotafuta dawa za magonjwa yaliyosahauliwa. Kati ya kazi za shirika hilo ni dawa ya malale. Zamani dawa moja ya malale ilikuwa kali mpaka iliua karibu mgonjwa mmoja kati ya ishirini waliotibiwa nayo. Tangu mwisho wa mwaka 2018 kuna vidonge vya kumeza vinavyoitwa feksinidazoli, na utafiti wake ulifanywa kwa sehemu kubwa hapa Kongo, na madaktari na wagonjwa Wakongomani.

Tuzo na msaada si kitu kimoja

Sasa turudi kwenye orodha zetu.

Viongozi wengi wanaingia katika matatizo kwa sababu wanachanganya vitu viwili. Tuzo huuliza: nani amefanya kazi? Msaada huuliza: nani ana shida? Ukimpa mtu hema kwa sababu ni mchapakazi, umemnyima mjane ambaye hawezi kufanya kazi. Ukimpa mtu heshima kwa sababu ana shida, umemdharau yule aliyejitoa. Kila orodha iwe na swali lake moja, na swali hilo lisemwe wazi kabla ya jina la kwanza kuandikwa.

Tofauti nyingine iko hapa. Tumeona kwamba Nobel haina rufaa, na dunia inavumilia, kwa sababu anayekosa medali halali njaa. Orodha ya msaada ni tofauti. Anayekosa anaweza kulala njaa na watoto wake. Kwa hiyo orodha ya msaada lazima iwe na mlango wa malalamiko, mtu anayejulikana wa kuyapokea, na siku ya kujibu.

Lakini kuna mambo ambayo orodha zote mbili zinashiriki. Tumeyaandika kwa ufupi, ili komite za wakimbizi wa ndani, machefu wa vijiji na viongozi wa dini wayatumie:

1. Semeni kipimo kwanza. Kabla ya kuandika majina, watu wote wasikie ni nani anayetafutwa na kwa sababu gani.

2. Asijipendekeze mtu. Anayeshika kalamu asiandike jina lake, la mke wake, la mume wake wala la ndugu yake. Kama ndugu yake anastahili kweli, mwingine amlete, na yeye atoke nje wakati wa kuamua.

3. Gawanyeni kazi. Wanaoleta majina wawe kikundi kimoja, wanaochunguza wawe kingine. Katika kila kikundi wawemo wanawake, wenyeji na wakimbizi wa ndani, na watu wa makabila yote yaliyopo.

4. Ombeni ushahidi. Jina lije na habari zake. Mjumbe aende akaone kwa macho yake.

5. Tangazeni jina pamoja na sababu. Mtu anayejua sababu anaweza kukasirika, lakini si rahisi adanganywe na mchochezi. Lakini siri ya mgonjwa isitangazwe. Ugonjwa wa mtu, au ubaya aliotendewa vitani, haviwi habari ya uwanjani.

6. Kumbukeni waliobaki nyuma. Mkitoa heshima kwa mmoja, tajeni na wenzake.

Tukiwa na mtu anayestahili kutajwa

Labda wewe kiongozi unamjua muuguzi ambaye hakukimbia kituo chake. Labda unamjua relé wa jamii anayetembea kwa miguu nyumba kwa nyumba, akiandika watoto wasiochanjwa, huku mwenyewe akilala katika nyumba ya kukopeshwa. Watu kama hao hawajipendekezi. Mara nyingi hawajui hata kwamba jina lao linaweza kupendekezwa. Kama hakuna anayeandika, kazi yao inapotea pamoja na karatasi zilizoungua vitani.

Si lazima ianze na Japani wala Uswidi. Andika barua kwa daktari mkuu wa zone ya afya. Sema jina, kazi, mahali, mwaka na mashahidi. Muulize mwenyewe kwanza kama anakubali kutajwa, kwa maana katika nchi yenye vita kutajwa kunaweza kuleta hatari. Barua ya ukurasa mmoja iliyo ya kweli ina nguvu kuliko sifa nyingi zisizo na shahidi. Muulizeni pia muuguzi mkuu wa kituo atunze nakala.

Profesa Muyembe alingoja miaka 43. Hakuchukua silaha, wala hakuacha kazi kwa sababu jina lake halikutajwa. Lakini tusifanye subira yake kuwa kisingizio. Kumchelewesha mtu miaka 43 siyo haki, na wenye kalamu wa dunia nzima wanapaswa kujifunza. Sisi pia tuna kalamu, hata kama ni moja kwa kijiji kizima. Tuitumie hivi kwamba swali lile likiulizwa, nani aliandika majina haya, tuweze kujibu mbele ya wote bila kuficha uso.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

Someni habari hii pamoja, wenyeji na wakimbizi wa ndani, kisha mzungumze kwa utulivu:

- Mara ya mwisho orodha iliposomwa hapa kwetu, je, tulijua kipimo kabla ya kusikia majina?
- Nani kati yetu hana mtu wa kulipeleka jina lake? Tunaweza kufanya nini juu yake?
- Kama ndugu yangu yuko katika orodha na mimi niko katika komite, nifanye nini?
- Ni nani alifanya kazi ya afya hapa wakati wa taabu, na bado hajashukuriwa mbele ya watu?

Amani iwe nanyi na familia zenu.